Shujaa wa Peke Yake na Kipimo cha Ukali: Mchezo wa ARK Mbele ya Hadithi ya Nunda

Fasihi simulizi inapojadiliwa katika idara za lugha, aghalabu hutajwa pande mbili: fanani, ambaye anayo hadithi, na hadhira, ambayo inaitaka. Kati yao husimama mhusika, naye hana kauli katika jambo lolote. Hupewa zimwi la kupambana nalo, akapambana. Ukubwa wa zimwi hilo, urefu wa meno yake na idadi ya watu liliokwisha kuwameza ni mambo ya fanani, na fanani huyaongeza au kuyapunguza kwa kadiri aonavyo nyuso za wasikilizaji wake. Katika miaka ya karibuni umezuka utanzu wa masimulizi ambao umewaketisha wote watatu katika kiti kimoja. Huo ni mchezo wa video unaochezwa na mtu mmoja, ambamo mchezaji ndiye anayepambana, ndiye anayetazama, na, kwa kuwa amepewa mamlaka juu ya mipangilio ya mchezo, ndiye pia anayeamua zimwi liwe kali kiasi gani.

Mchezo unaohusika hapa ni ARK: Survival Evolved, uliotungwa na kampuni ya Studio Wildcard ya Marekani. Ulianza kuuzwa kabla haujakamilika mwezi wa Juni 2015, ukatolewa rasmi Agosti 2017, na mwaka 2018 ukafika katika simu za mkononi. Toleo lililoundwa upya, ARK: Survival Ascended, lilifuata Oktoba 2023. Mahali panapoangaliwa ni Kitengela, na Kajiado kwa jumla, wala si kwa sababu watungaji wa mchezo walipafikiria huko. Ni kwa sababu Kitengela ni mji ambamo kijana aweza kukesha akicheza mchezo wa kujihami na wanyama wakali, ilhali mfugaji wa nyanda zilizo karibu naye anakesha akililinda zizi lake dhidi ya simba wa kweli. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 154,436 katika mji huo. Ng'ambo ya Mto Mbagathi ipo Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ambayo upande wake wa kusini uliachwa wazi bila ua ili wanyama wapate njia ya kwenda na kurudi. Hadithi ya mnyama mkali ikichezwa mahali kama hapo hupata maswali ambayo haiyapati mahali pengine.

Yamkini msomaji akauliza kama mchezo wa vijana ni jambo la kuhakikiwa katika kurasa kama hizi. Swali hilo lilikwisha kuulizwa juu ya ngano na vitendawili. Mnamo Oktoba 1968 wahadhiri watatu wa Nairobi, James Ngugi (ambaye baadaye alijulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati ya masomo. Hoja yao haikuwa kwamba kila kinachosimuliwa ni kizuri. Ilikuwa kwamba utanzu haunyimwi uhakiki kwa sababu tu hauna kitabu. Basi haitoshi kuusifu mchezo huu kwa kuwa vijana wanaupenda, wala kuudharau kwa sababu iyo hiyo. Lililo muhimu ni kuonyesha unafaulu wapi na unashindwa wapi kama masimulizi.

Mwanzo wake ni mzuri. Mhusika huamka ufukoni, karibu uchi, hana jina wala kisa, na katika mkono wake wa kushoto kimepachikwa kitu king'aacho ambacho hajui maana yake. Ana njaa na kiu. Usiku humshika baridi. Hupiga mti kwa ngumi ili apate mbao, huokota mawe, hutengeneza sururu ya jiwe na kisha shoka la jiwe, huwasha moto, hujenga kibanda cha nyasi. Hapo ndipo wanyama wanapoingia: dodo asiye na madhara, dinosauri wadogo waendao makundi makundi, na baadaye wale wakubwa ambao mtu mwenye mkuki hana la kufanya mbele yao ila kukimbia. Akifa, huamka tena ufukoni mikono mitupu, na mali yake yote imebaki pale alipoangukia, karibu na mnyama aliyemuua. Fundisho la kwanza la mchezo huu ni hilo, nalo limetiwa ndani ya tendo bila mahubiri.

Wataalamu wa mambo ya kale watasema kwamba binadamu na dinosauri hawakukutana kamwe, kwa kuwa dinosauri walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Ni kweli, wala si hoja. Ngano zetu zina sungura wanaosema. Ila kuna jambo la kuchekesha kidogo: kijana wa Kajiado akitaka kuona mahali ambapo binadamu mwenye jiwe mkononi aliishi kweli kati ya wanyama wakubwa waliokwisha kutoweka, hana haja ya kisiwa cha kubuni. Olorgesailie, kandokando ya barabara ya Magadi, imo ndani ya kaunti yake. Huko yametandazwa mashoka ya mawe ya mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, pamoja na mifupa ya nyani wakubwa na ya tembo wa aina ambayo haipo tena. Mchezo wa Wamarekani umeipata sura ya maisha hayo kwa kubahatisha, ukawaweka wanyama wasiokuwa wake.

Sasa lije suala la ukali. Kila mnyama wa porini katika kisiwa hiki huzaliwa na daraja lake. Kipimo cha ugumu kikiwekwa moja, daraja la juu kabisa ni 30. Kikiwekwa tano, ni 150. Mbali na hicho kuna vipimo vingine vingi: nguvu ya meno ya wanyama, uwezo wa mchezaji wa kustahimili majeraha, kasi ya njaa, urefu wa usiku, wingi wa mavuno, muda wa kumfanya mnyama awe wako. Mtu anayecheza pamoja na wengine katika seva ya umma havigusi vipimo hivyo. Vimewekwa na wenye seva. Anayecheza peke yake huvigusa apendavyo na wakati wowote. Lipo hata chaguo moja linalorekebisha viwango kadhaa kwa pamoja ili vimfae mtu asiyekuwa na wenzake.

Wasioucheza hudhani kwamba mamlaka haya hutumiwa kwa upande mmoja tu, wa kurahisisha. Sivyo. Mnyama wa daraja la juu ni vigumu kumshinda, lakini akiisha kushindwa humtumikia mshindi wake kwa nguvu iliyo kubwa kuliko ya mnyama wa daraja la chini. Na vifaa vinavyotelemka kutoka angani huwa bora zaidi kipimo kikipandishwa. Kwa hiyo mchezaji mwenye hesabu hupandisha ugumu wa wanyama kama mfanyabiashara aongezavyo mtaji, kisha hupunguza ule mwingine, wa meno na wa njaa, ili mtaji usimwangamize. Matokeo yake ni kiumbe wa ajabu: mnyama mwenye cheo kikubwa na meno laini. Hapo ndipo masimulizi yanapoanza kulegea, na ili ieleweke kwa nini, yafaa kuirudia ngano moja ya Kiswahili ambayo shabaha yake yote ni kipimo cha zimwi.

Hadithi ya Sultani Majinuni ilichapishwa na Edward Steere huko London mwaka 1870, katika mkusanyo wake wa ngano alizozipata Unguja. Sultani ana paka. Paka akamla mnyama mmoja, kisha mwingine, kisha mkubwa zaidi, na kila watu wanapolalamika Sultani hujibu kwamba aliyekula ni wake na aliyeliwa ni wake, basi hakuna hasara. Paka akaingia kwa watu. Mwisho akawaua wana wa Sultani mwenyewe, akatoka mjini, akawa Nunda. Sehemu hii ya kwanza mara nyingi hupitwa haraka na wanaoisimulia kwa watoto, nayo ndiyo yenye uzito katika mjadala huu. Nunda hakuumbwa na ukali ule. Alipandishwa daraja na mtu aliyekuwa na mamlaka ya kumzuia, akaona raha kutomzuia, kwa sababu vyote vilikuwa vyake.

Kisha hutoka mwana wa mwisho, yule aliyedharauliwa, kwenda kumtafuta. Anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani kwa wimbo wa ushindi, na mama yake anamjibu kwamba huyo si Nunda. Anarudi mwituni. Analeta fungo, analeta ngawa, analeta punda milia, twiga, kifaru, tembo. Na kila mara wimbo wake ni ule ule wa mtu aliyekwisha kushinda, na kila mara jibu ni lile lile. Mpangilio huu wa kupanda ngazi ndio ambao watungaji wa michezo ya video wanajivunia kama ugunduzi wao. Tofauti iko katika sauti ya mama. Kijana hana uwezo wa kujitangazia ushindi. Kila anapojipa, hunyang'anywa, tena na mtu anayempenda na ambaye angefurahi kuliko wote kama safari ile ingekwisha. Hata anapomwona Nunda amelala, kijana hamtambui kwa hisia zake mwenyewe. Humpima kwa alama alizoambiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka, mkia mnene. Na baada ya kumpiga anakimbia pamoja na watu wake, bila kujua kama amekufa.

Ukiuweka mchezo wa ARK kando ya ngano hii, upungufu wa mchezaji wa peke yake huonekana mara moja. Si kwamba anapunguza ukali. Fanani wa Unguja naye alipunguza na kuongeza, na hakuna mtambaji aliyesimulia Nunda yule yule kwa watoto wa miaka sita na kwa mabaharia. Ni kwamba hana wa kumkatalia. Kipimo cha ugumu ni alama ya namba iliyo kimya. Mchezaji akiua mjusi wa daraja la 10 na kusema ameshinda, kisiwa kizima hakina mama wa kumwambia arudi mwituni. Ni kweli kwamba watungaji wamejaribu kumweka mama wa aina yake: mwisho wa safari kuna mabwana watatu wa kisiwa, buibui mkubwa, sokwe mkubwa na joka, na hawafikiwi ila kwa kutoa vitu maalumu vilivyofichwa mapangoni, na kila mmoja wao ana viwango vitatu vya ukali. Hiyo ni ngazi halali. Lakini mamlaka ya mipangilio yako juu ya ngazi hiyo, na mtu aweza kuipanda yote huku mabwana hao wamepunguziwa nguvu kwa kipimo alichokigusa yeye usiku uliotangulia.

Wachezaji wenyewe hawakosi kulihisi jambo hili. Anayecheza peke yake kwa muda mrefu aghalabu hujiwekea miiko: kwamba vipimo vitapangwa siku ya kwanza na havitaguswa tena, kwamba mnyama aliyekufa hatarudishwa kwa amri ya siri, kwamba atakayefia pangoni ataifuata mali yake kwa miguu. Miiko hii haimo katika mchezo. Imetoka kwa mchezaji, na ni ushahidi kwamba hadhira iliyo ndani yake inamdai fanani aliye ndani yake. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi hilo ni jambo la kupendeza kuliko dinosauri wote waliomo, kwa maana linaonyesha kwamba mtu akiachwa peke yake na hadithi, hulazimika kumuumba yule wa kumkatalia.

Kuna jambo moja la kiufundi lenye maana ambayo huenda watungaji hawakuikusudia. Mchezaji akipandisha kipimo cha ugumu katikati ya safari, wanyama waliokwisha kuzaliwa hawabadiliki. Wanabaki na madaraja yao ya zamani mpaka wafe, ndipo wapya wazaliwe kwa kipimo kipya. Asiyetaka kungoja huandika amri inayowafuta wanyama wote wa porini kwa mara moja, kisiwa kizima, na muda mfupi baadaye mwitu hujaa tena viumbe wapya wenye ukali mpya. Waliokwisha kufugwa hawaguswi. Jina la mchezo, Ark, ni safina, kwa maana ileile ya Nuhu, na hapa safina inajieleza vizuri kuliko inavyojieleza katika maandishi marefu yaliyotawanywa kisiwani: gharika hupita, na wanaosalimika ni wale walio milki ya mwenye chombo. Kwamba gharika hiyo huitwa na mtu mmoja kwa sababu amechoka na wanyama wepesi, hilo ni wazo zito, na ni hasara kwamba mchezo wenyewe haulitazami hata kidogo.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuhukumu kwamba kila anayeshusha kipimo anaiharibu hadithi. Ndani ya neno ugumu yamo mambo mawili ambayo mchezo umeyachanganya, na uhakiki hauna budi kuyatenga. Upo ugumu wa hatari, yaani uwezekano wa kupoteza. Na upo ugumu wa muda, yaani kungoja. Kumpata mmoja wa dinosauri wakubwa kwa viwango vya kawaida huchukua saa nyingi za kweli, mchezaji akiwa ameketi karibu naye akimtilia dawa ya usingizi na nyama. Kulea kinda lake huchukua muda zaidi. Kungoja huko kulibuniwa kwa ajili ya seva zenye watu wengi, ambamo kabila zima hupokezana zamu, na ambamo dunia huendelea hata mtu akiwa kazini au shuleni. Anayecheza peke yake hana wa kupokezana naye, na dunia yake husimama anapoondoka. Akiupunguza muda huo hadi nusu au robo hajiibii chochote. Hakuna msimulizi wa ngano aliyewahi kuihesabia hadhira kila hatua ya safari ya siku saba. Husema akaenda, akaenda, akaenda, na siku saba zimekwisha. Kupunguza muda ni kazi halali ya fanani. Kupunguza hatari huku mtu akibaki na sifa za hatari ndiko kuliko na kasoro, na wengi wanaobishana juu ya mchezo huu wanapiga kelele juu ya la kwanza na kulinyamazia la pili.

Kajiado inaleta swali la aina nyingine, ambalo ni la maudhui kuliko fani. Katika mchezo, mnyama mkali ana mwisho wa aina mbili zenye faida: kuuawa, akawa nyama na ngozi, au kutekwa, akawa mtumishi. Kumwepuka hakuleti chochote. Na akiuawa, mwingine huzaliwa, mwitu haupungui. Mchezaji akiwaua simba sita wa kisiwani kabla ya chakula cha jioni, kesho watakuwapo sita wengine.

Mnamo Juni 2012 wakazi wa eneo la Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, waliwaua simba sita walioingia katika mazizi na kuua mifugo. Machi 2016 simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka katika mbuga, akafika Isinya, akamjeruhi mtu, akapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Watu wa pande zote mbili walikuwa na uchungu wao, wa mifugo na wa simba, na hakuna aliyeamka kesho yake akakuta hesabu imejirudisha. Sheria ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe hakupewa kipimo chochote cha kugusa. Nyuzi za ua zilizofuata ugawaji wa ardhi zimezikata njia za nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei, ambao mwishoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu mengi na ambao wamepungua mno. Mchezo unamfundisha mtu kujenga ua kuwa tendo la kwanza la hekima. Kitengela inajua kwamba ua una upande wa pili.

Ni katika nyanda hizi hizi ndipo alipotokea kijana ambaye kisa chake kina umbo la ngano kuliko visa vyote vya kisiwani. Richard Turere alipewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa baba yake angali mtoto, karibu na mpaka wa mbuga, na simba walikuwa wakija usiku. Alivyosimulia hadharani huko Long Beach, California, mwaka 2013, alijaribu kwanza moto, akaona kwamba moto huwasaidia simba kuona zizini. Akajaribu sanamu ya mtu. Simba walidanganyika siku ya kwanza, siku ya pili wakaelewa kwamba kile kitu hakitembei. Kisha usiku mmoja alizunguka zizi na tochi, simba wasije, akatambua kwamba wanaogopa mwanga unaosogea. Akachukua betri ya gari, kifaa cha kumwetesha taa za pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazipanga taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu, simba wakadhani kuna mtu anatembea. Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi.

Ngazi ni ile ile: mbwa, fungo, ngawa. Moto ulikataliwa, sanamu ikakataliwa. Tofauti ni kwamba aliyemkatalia Turere ni simba wenyewe, na jibu lililokubaliwa mwisho halikuwa kuua wala kuteka. Simba alibaki simba, akaenda zake. Katika fasihi simulizi ya Wamaasai, ambayo Naomi Kipury aliikusanya na kuichapisha mwaka 1983, mnyama na zimwi huhesabiwa kuwa sehemu ya ulimwengu ambao mchungaji hana budi kuendelea kukaa nao. Mchezo wenye akili kama ARK, uliojaa wanyama waliochunguzwa kwa makini kiasi hicho, ungaliweza kumpa mchezaji thawabu ya namna hiyo. Haukumpa. Mchezaji wa Kitengela aliyemfukuza mnyama kwa mwenge bila kumjeruhi amepoteza usiku wake bure, kwa hesabu ya mchezo.

Limebaki suala la lugha, ambalo linaweza kuonekana dogo. Mchezo huu umetafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na Asia, lakini si katika Kiswahili, kwa hiyo anayeuelezea kwa Kiswahili hujitafutia maneno. Neno la kwanza linalomjia ni kufuga, nalo halifai. Kinachofanyika kisiwani ni kumpiga mnyama kwa mishale ya sumu hadi azirai, kumtilia chakula mwilini akiwa hajitambui, kisha kumwamsha akiwa mtiifu. Kufuga, kwa mtu wa Kajiado, ni kukaa na mnyama: kumjua kwa rangi na kwa jina, kumhamisha kwa mvua na kwa kiangazi. Kuzoeza nako ni kazi ya mnyama aliye macho. Neno lililo karibu zaidi na tendo lenyewe ni kuteka, na mtu akilitumia, mchezo mzima hubadilika sura: si mfugaji tena, ni mvamizi mwenye mateka.

Kuhusu lile neno la Kiingereza la jina la mchezo, lililobeba maana ya kuendelea kuwa hai, Kiswahili kina kunusurika, kusalimika na kuokoka. Kuokoka kumekwisha kuchukuliwa na makanisa, na si rahisi kukurudisha. Kunusurika ni kwa mara moja, ajali ikipita. Labda kujinusuru, kwa kuwa kuna tendo la mtu ndani yake na kwaweza kurudiwa kila siku. Na kipimo ambacho makala haya yamekizungumzia kingeitwa kwa haki zaidi kipimo cha ukali kuliko cha ugumu: ugumu huwa wa kazi au wa mtihani, ukali huwa wa mnyama, na maneno mawili yangeiweka wazi ile tofauti ya hatari na muda ambayo neno moja limeificha.

Majina ya wanyama wenyewe ni ya Kigiriki na Kilatini, na huenda ikadhaniwa kwamba hapo Kiswahili hakina dai. Lakini miongoni mwao yumo Kentrosaurus, mnyama mwenye miiba mgongoni na mkiani, ambaye kijana wa Kitengela humkimbia bila kujua kwamba ni jirani yake. Mifupa ya mnyama huyo ilifukuliwa Tendaguru, katika nchi ya Lindi, na msafara wa Wajerumani wa miaka ya 1909 hadi 1913. Wafukuaji walikuwa mamia ya watu wa huko, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mizigo ya mawe ilibebwa vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini, ikapelekwa Berlin. Edwin Hennig alimpa mnyama huyo jina lake la kitaalamu mwaka 1915. Watu waliomtoa ardhini walikuwa wakisemezana kwa Kiswahili pamoja na lugha zao, na bila shaka walikuwa wakiziita zile mifupa kwa namna fulani walipokuwa wakizifunga kwa udongo na mianzi. Kamusi za Kiswahili hazina jina la mnyama huyo.